Jinsi ya Kuchunguza Nyufa za Ukuta na Dari Kabla ya Kuziziba

Wenye nyumba wengi hupoteza fedha kwa kuziba ufa mara tu unapoonekana, ilhali ufa ambao bado unatembea hupasua kiraka chochote kinachowekwa juu yake. Kwa hiyo anza na penseli na rula: weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe pembeni, pima upana wake, kisha urudie kipimo hicho baada ya mvua na tena wakati wa kiangazi. Usisubiri, hata hivyo, ikiwa ufa umezidi milimita 5, au milango imeanza kukwama, au sakafu imetitia. Hapo anahitajika mhandisi wa majengo.

Umbo la ufa hueleza mengi. Vijiufa vyembamba vilivyosambaa kama utando wa buibui kwa kawaida ni vya lipu tu, iliyotiwa saruji nyingi mno au iliyokauka haraka kwa kukosa kumwagiliwa maji. Ufa wa wima kati ya nguzo ya zege na matofali hutokea kwa sababu vitu hivyo viwili havitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha mara nyingi huonyesha linta (boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha) isiyolala vya kutosha juu ya ukuta, na kila upande inahitaji angalau milimita 150.

Unaopaswa kukutia wasiwasi ni ule unaopanda kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, kwani mara nyingi chanzo chake ni msingi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga au Athi River, ardhi huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, na nyumba huinuka na kushuka pamoja nayo. Hapa tiba ya kwanza ni kuyadhibiti maji: weka mifereji kwenye paa, ziba mabomba yanayovuja, na zungushia nyumba sakafu ya zege inayoinamia nje. Mti mkubwa ulio karibu usiukate kabla ya kupata ushauri, kwa maana udongo ambao mizizi ilikuwa ikiukausha unaweza kuvimba upya.

Ufa ukishatulia, gonga lipu kandokando yake kwa mpini wa tindo. Inayolia kama kitu chenye uwazi ndani imeachana na tofali, basi ibomoe yote. Panua ufa hadi kwenye tofali, toa vumbi, lowesha, kisha jaza kwa mchanganyiko wa kipimo kimoja cha saruji na vipimo vinne vya mchanga safi uliochekechwa. Penye nguzo, pigilia kwanza wavu wa chuma unaovuka kiungo kwa sentimita 15 kila upande. Mwagilia maji kwa siku 7, na usipake rangi mpaka pakauke kabisa.

Nyufa za dari ya jipsamu hufuata viungo kati ya mbao zake za jipsamu, hasa kama fremu ilijengwa kwa miti mibichi au kama bati lililo juu hupata joto kali. Sukuma kwa kiganja. Ubao ukicheza, ongeza skurubu kwanza, ndipo ujaze poda ya jipsamu, ubandike tepu ya nyavu, upake tabaka la pili lililo pana zaidi na kulainisha kwa msasa. Penye doa la kahawia, rekebisha paa kwanza. Dari iliyoshuka tumbo isikaliwe chini yake hata kwa usiku mmoja.