Ukiandikiwa barua ya kujieleza chuoni

Barua yangu niliipokea Alhamisi saa nane mchana, nikitoka darasani. Mwanafunzi alidai nilimpunguzia alama za mtihani kwa kuwa alikataa kunipa pesa. Nilipewa siku 7 za kujibu. Jioni ile nilivuka feri kwenda Likoni nikiwa na kurasa tatu za hasira kichwani, na namshukuru Mungu hazikufika kwenye karatasi.

Mwalimu mwenzangu, ikikufikia, tia sahihi kwamba umepokea. Huko si kukiri kosa. Andika tarehe na saa juu ya nakala yako. Ikiwa imesema tu “mwenendo usiofaa”, uliza mara moja, kwa maandishi: ni somo gani, siku gani, ushahidi upi? Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 vinakupa haki ya kujua utahukumiwa kwa lipi. Barua hiyohiyo iombe muda zaidi ukiuhitaji.

Kisha usimtafute mwanafunzi. Hapa ndipo wengi wetu Pwani tunapoteleza. Mjomba wangu wa Mji wa Kale alitaka kwenda kwa babake yule kijana, wakae barazani, kahawa inywewe, yaishe. Kumkatalia mtu mzima aliyenilea kulinitoa jasho. Lakini kijana aliyelalamika ana haki ya kusikizwa bila hofu, na wazee wakimwendea mlangoni ni kumtisha, hata wakienda na tende mkononi. Usimpigie simu, usimtume kiongozi wa darasa. Mwandikie mwenyekiti wa idara kazi za mwanafunzi huyo zisahihishwe na mwingine.

Sasa kusanya karatasi: majibu ya mtihani, jedwali la alama, ripoti ya mtahini wa nje, barua pepe. Usifute chochote wala kurekebisha tarakimu, hata ile inayokuumiza. Mimi nilipojumlisha upya karatasi yake nilikuta swali moja sikulihesabu. Alama 6. Usiku ule sikulala. Habari ya pesa ilikuwa uongo, lakini alama zake kweli nilikuwa nimezipoteza, na yote mawili ilibidi yaandikwe.

Jibu kila dai kwa nambari yake: ni kweli, si kweli, au ni kweli kiasi hiki, na kiambatisho chake. Kurasa mbili zatosha. Tabia ya mwanafunzi, mavazi yake, ukoo wake, usiviguse. Mpe mwakilishi wa UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu, alisome jibu lako. Ikiwa dai ni la hongo au la kingono, muone wakili kabla hujaandika neno, maana huenda likafika polisi.

Mbele ya kamati ya nidhamu usiende peke yako. Sehemu ya 41 ya Sheria ya Ajira ya 2007 inakuruhusu kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, na mambo yaelezwe kwa lugha unayoielewa. Mwenzangu alinukuu kila swali. Omba uamuzi kwa maandishi, pamoja na sababu na muda wa kukata rufaa.

Zile alama 6 zilirudishwa kabla kamati haijakaa. Niliziomba katika aya ya kwanza ya jibu langu.