Somo: Namna ya kuunganisha makongano ya viwanda na kuyawekea uongozi

Kongano la viwanda huwaleta pamoja, katika eneo moja, kampuni za fani moja, wauzaji wa malighafi, vyuo na taasisi za viwango. Makongano yanapotaka kushirikiana, mara nyingi huanza kwa kutia saini hati ya makubaliano. Nashauri hati hiyo ije mwishoni.

Hatua ya kwanza ni kutafuta tatizo ambalo hakuna kampuni inayoliweza peke yake. Mji wa Sialkot, Pakistan, unalionyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1994 Marekani ilipozuia vifaa vya upasuaji vya huko kwa sababu ya ubora, viwanda vilivyokuwa vikigombea wateja wale wale vilikwenda serikalini kwa sauti moja kupitia chama chao, mafunzo ya uhakiki wa ubora yakaletwa, na soko likafunguka tena. Mwaka 1997, mjini humo humo, watengenezaji wa mipira ya soka walikubaliana na Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF kuwaondoa watoto katika ushonaji. Kwa kuwa mipira ilikuwa ikishonwa majumbani, ambako mkaguzi hafiki kwa urahisi, kazi ilihamishiwa kwenye vituo vilivyosajiliwa, na ukaguzi ukakabidhiwa chombo cha nje. Jambo hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, kwani wanachama hawawezi kujikagua wenyewe na bado wakaaminiwa na mnunuzi.

Hatua ya pili ni kuchagua muundo wa uongozi. Wanachama wachache wanaoaminiana wanaweza kujiongoza wenyewe. Kampuni kinara, yaani moja inayowaongoza wengine, huharakisha maamuzi, ila wadogo huhofia kumezwa. Wanachama wakiwa wengi, sekretarieti huru ndiyo inayofaa, mradi ilipwe kwa ada zao na si kwa fedha za mfadhili pekee.

Hatua ya tatu: andikeni nani anaamua, nani anachangia nini, nani atamiliki matokeo ya utafiti wa pamoja, na mwanachama anajitoaje.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, makongano yaliyo katika nchi mbili yanaweza kuwa na uongozi mmoja?
Jibu: Yanaweza. Medicon Valley, kongano la dawa na bioteknolojia la eneo la Copenhagen nchini Denmark na kusini mwa Sweden, lina shirika la uanachama linalojumuisha vyuo vikuu, hospitali na kampuni za pande zote mbili. Ushirikiano huo ulianza kabla daraja la Øresund, linaloziunganisha nchi hizo mbili, halijafunguliwa mwaka 2000.

Swali: Anayelipa ada kubwa apewe kura nyingi?
Jibu: Hapana. Ada ifuate ukubwa wa kampuni, lakini kura iwe moja kwa kila mwanachama, la sivyo wadogo wataacha kuhudhuria.

Swali: Tuzungumze nini bila kutoa siri zetu?
Jibu: Zungumzeni viwango, mafunzo, usafirishaji na maabara za pamoja. Bei na mgawanyo wa wateja visiguswe kabisa, kwa kuwa sheria za ushindani katika nchi nyingi huvihesabu kuwa ni kula njama, na katibu anapaswa kuyasimamisha mazungumzo hayo mara yanapoanza na kuliandika hilo katika kumbukumbu za kikao.