Kupanga maonyesho ya zana za mawe: mfano wa Oldupai

Kosa linaloharibu maonyesho mengi ya zana za mawe ni kuzipanga kwa uzuri: kubwa katikati, ndogo pembeni, bila kujali zilitoka tabaka gani. Mgeni huondoka akidhani ameona mawe tu. Anza na shimo la uchimbaji, zana zifuate.

Korongo la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, lina kina cha karibu mita 90. Ukilichora kwa kipimo cha 1:50, unapata ubao wa sentimita 180, unaotosha ukutani. Onyesha tabaka kutoka chini kwenda juu, na majivu ya volkano uyape rangi yake, kwa sababu ndiyo yaliyopimwa umri, si mawe yenyewe. Kwenye Tabaka la I, la chini kabisa, weka zana za Kioldowan (mawe yaliyochongwa kwa mapigo machache), zenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, shoka za mkono za Kiacheulea (mawe yaliyochongwa pande zote mbili) zianze Tabaka la II. Vuta uzi kutoka kila zana hadi mahali pake ubaoni.

Chini ya ubao tengeneza mfano wa sakafu ya uchimbaji: sanduku la mita 1 kwa mita 1, kina cha sentimita 15, kamba za miraba, mshale wa kaskazini, na nakala za mawe na mifupa zikiwa zimelala kama ramani ya wachimbaji inavyoonyesha. Tumia mchanga mkavu uliochekechwa. Udongo mbichi huota ukungu chini ya kioo. Usisahau vibanzi vidogo, yaani vipande vinavyobanduka jiwe linapochongwa: katika eneo la FLK Zinj la Tabaka la I, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey, vipande vya mawe vilizidi 2,000, na vingi havivutii macho. Ukiviacha, mgeni hatajua kwamba zana zilichongwa palepale.

Kabla ya kuonyesha zana halisi, hakikisha kila moja ina namba. Pakaza tone la Paraloid B-72, utomvu wa akriliki unaotumika makumbusho (gramu 20 kwa mililita 100 za asetoni), liache likauke, andika namba kwa wino, kisha pakaza tena juu. Usiandike kwenye makali wala pale jiwe la kuchongea lilipogonga. Rangi ya kucha isitumike, hugeuka njano na kubanduka pamoja na namba. Jiwe ambalo mtafiti anataka kupima mabaki ya matumizi ya kale kwenye makali yake lisioshwe kabisa.

Usishikize jiwe kwa plastisini. Mafuta yake huingia na kuacha doa. Pini za shaba zilizovishwa mrija laini wa plastiki zinatosha. Inamisha shoka la mkono kwa digrii 20 hivi, na mawe yasigusane, kwani mtikisiko wa kabati huchubua makali na kuacha alama zinazofanana na za matumizi ya kale.

Taa ndiyo kazi yenyewe. Mwanga wa moja kwa moja kutoka juu hufuta makovu ya uchongaji, yaani alama za vibanzi vilivyobanduliwa. Weka taa moja ya LED juu kushoto, mwanga wake ukilala karibu digrii 30 juu ya uso wa jiwe. Basalti itaonekana vizuri. Kwatsaiti, jiwe gumu jeupe la kilima cha Naibor Soit karibu na korongo, humetameta na kukataa kusomeka hata hivyo. Iwekee mchoro pembeni, wenye mishale ya mwelekeo wa kila pigo. Maelezo yasizidi maneno 60.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo zana za kushikwa na watoto ziwe nakala. Ukizichonga mwenyewe vaa miwani, na kila nakala itoboe tundu dogo au ipake rangi nyekundu, maana ikichanganyika na halisi ni vigumu kuitenganisha. Vibanzi vinavyobaki vikusanye vyote kwenye turubai. Ukivimwaga nje ya jengo, mtafiti wa kesho atavikuta na kuvipa namba.