Namna ya kuomba cheti cha kuzaliwa ukiwa mtu mzima, Tanzania Bara

Wengi huanza kukitafuta cheti cha kuzaliwa siku wanapohitaji pasipoti au mkopo wa elimu ya juu, wakati muda umekwisha kuwabana. Mwongozo huu unawahusu waliozaliwa Tanzania Bara, ambako usajili uko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Zanzibar ina wakala wake.

Hatua ya kwanza hufanyika nyumbani. Weka mezani kila hati yenye jina lako, yaani kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, vyeti vya shule na kitambulisho cha Taifa kama unacho, kisha uzisome herufi kwa herufi. Hapa ndipo hukwama maombi mengi ninayosaidia kuyajaza: cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamedi, kitambulisho kinasema Mohamed, na jina la babu limo katika hati moja tu, kwa hiyo karani anaona watu wawili. Ushauri wangu ni kufuata tahajia ya cheti cha shule, kwa kuwa ndicho kigumu zaidi kubadilishwa, na kurekebisha nyingine kabla ya kuomba.

Pili, kusanya uthibitisho wa kuzaliwa kwako. Kama tangazo la kizazi kutoka hospitali limepotea, tafuta barua ya afisa mtendaji wa eneo lako pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi. Jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake (si Mama Rehema, kama wengine wanavyojaza), na mahali pa kuzaliwa pawe pale ulipozaliwa hasa, wala si kijiji cha asili ya baba.

Tatu, fungua akaunti katika mfumo wa eRITA, jaza fomu, pakia hati zilizosomeka vizuri, kisha ulipe kwa namba ya malipo utakayopewa. Asiye na intaneti aende ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Ukikabidhiwa cheti, kikague hapohapo dirishani, hasa tarehe na majina ya wazazi. Cheti hicho hakina picha, hivyo kinathibitisha kwamba mtu mwenye jina hilo alizaliwa, lakini hakionyeshi kuwa mtu huyo ndiye wewe. Nenda nacho pamoja na kitambulisho chenye sura yako. Mwombaji wa mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) akifanyie pia uhakiki RITA, mapema, kabla foleni ya msimu wa maombi haijaanza.