Namna ya kuhakikisha mtoto mchanga anapimwa usikivu wakati sheria bado haijamlazimisha mtu

Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodi ya wazazi, muulize muuguzi kama hospitali ina mashine ya kupima usikivu wa watoto wachanga. Usingoje kuulizwa. Aliyejifungulia zahanati aombe rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya mkoa au ya kanda, na anayetoka mbali, tuseme Makete au Ludewa, apige simu kwanza kujua siku ya kliniki na kama mashine inafanya kazi, maana nauli ya kwenda Mbeya na kurudi bila kipimo humkatisha mtu tamaa. Lengo ni kupima kabla ya mwezi 1, kupata jibu la uhakika kabla ya miezi 3, na kuanza huduma kabla ya miezi 6.

Siku ya kipimo, mnyonyeshe mtoto ashibe alale, kisha umvue kofia ya sufu dakika ya mwisho, kwa kuwa akipigwa na baridi ya Juni atalia na kipimo kitaharibika. Mpimaji huweka kifaa kidogo laini kwenye tundu la sikio. Kifaa hutoa sauti ndogo, na sikio la ndani lililo zima hurudisha mwangwi unaonaswa na mashine. Hakuna sindano wala maumivu. Mwangwi usipopatikana, usiseme mtoto ni kiziwi: siku mbili za mwanzo tundu huweza kuwa na majimaji au utando wa uzazi, hivyo rudia kipimo. Mtoto njiti, aliyepata manjano makali au aliyelazwa chumba cha uangalizi maalumu aombewe pia kipimo cha mshipa wa usikivu, ambacho hutumia vibandiko vya kichwani, kwa sababu sikio la ndani laweza kujibu vizuri huku mshipa una hitilafu.

Bibi kupiga makofi ili kuona kama mtoto anasikia hakutoshi. Mtoto hustuka kwa upepo wa viganja au mtikisiko wa kitanda, na nyumba nzima ikaridhika.

Kwa maoni yangu kipimo hiki kiwe cha lazima, ila wajibu uwe wa kituo cha afya na si wa mama. Kati ya watoto 1,000, mmoja hadi watatu huzaliwa na upungufu wa kudumu wa kusikia. Karibu nusu yao hawana dalili yoyote ya hatari, na wengi wana wazazi wanaosikia vizuri, kwa hiyo kupima wale tu wanaotiliwa shaka huwaacha wengi nje. Kadi ya kliniki ikiwa na nafasi ya jibu hilo, muuguzi wa chanjo ya wiki ya 6 ataona mara moja kama iko tupu.

Hata aliyefaulu apimwe tena akiugua homa ya uti wa mgongo, au akifika chanjo ya surua ya miezi 9 bila kugeukia jina lake.