Kushughulikia onyo la kigeu kisichofika katika PHP

Anayeandika kurasa za PHP, lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva, hukutana mapema na onyo lisemalo Undefined array key "simu", ambalo kabla ya toleo la 8.0 la mwaka 2020 lilikuwa taarifa ndogo tu yenye maneno Undefined index. Maana yake ni kwamba msimbo umeitaka thamani ya simu kutoka $_POST au $_GET, yaani safu ambamo PHP huweka data iliyotumwa na fomu au kwenye anwani ya ukurasa, ilhali ombi lililofika kwenye seva halina ufunguo huo.

Usikimbilie kulinyamazisha kwa alama ya @, kwa sababu onyo hilo ndilo linalokuelekeza mahali thamani ilipopotelea. Andika var_dump($_POST) mwanzoni mwa ukurasa ili uone yote yaliyofika, kisha tuma fomu upya. Ikiwa umekosekana ufunguo mmoja tu, kagua HTML: kivinjari hutuma sehemu yenye sifa ya name, wala id pekee haitoshi, sehemu yenye disabled haitumwi, na kisanduku kisichotiwa tiki hakitumwi kabisa, jambo linalowasumbua wengi kwa kuwa fomu ileile humkubali mtumiaji mmoja na kutoa onyo kwa mwingine. Ikiwa $_POST yote ni tupu, huenda ukurasa umefunguliwa bila fomu kutumwa, au ombi limepita kikomo cha post_max_size, mpangilio wa PHP wa ukubwa wa juu wa data ya POST, kwa sababu ya picha kubwa. Data iliyotumwa kama JSON, muundo wa maandishi wa kubebea data, nayo haiingii humo. Husomwa kupitia php://input, ambayo hutoa data ghafi ya ombi.

Thamani ikiwa ya hiari, alama ya ??, iliyokuja na PHP 7.0 na ambayo hutoa thamani mbadala pale iliyotakiwa inapokosekana, inatosha:

$jarida = $_POST['jarida'] ?? 'hapana';

Thamani ikiwa ya lazima, usiibunie mbadala. Kiasi cha malipo kilichokosekana kikigeuzwa kimyakimya kuwa sifuri, hilo ni kosa zito kuliko onyo lenyewe. Wengi hutumia isset(), inayoangalia tu kama thamani ipo, lakini hiyo hukubali hata neno tupu, maana sehemu ya maandishi iliyoachwa wazi hutumwa ikiwa tupu. Kwa namba napendelea hivi:

$kiasi = filter_input(INPUT_POST, 'kiasi', FILTER_VALIDATE_INT);
if ($kiasi === null || $kiasi === false) {
    http_response_code(400);
    exit('Tafadhali jaza kiasi kwa tarakimu.');
}

Hapa null humaanisha kwamba thamani haikufika, na false kwamba ilifika ikiwa si namba kamili. Alama tatu za usawa ni za lazima, la sivyo sifuri halali itakataliwa.

Kwenye tovuti inayotumiwa na watu, katika mipangilio ya PHP zima display_errors na uwashe log_errors, ili maonyo yaandikwe kwenye faili ya kumbukumbu badala ya kumwonyesha mgeni njia za mafaili yako.