Kutafsiri vitenzi vya kila siku kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa kwa kupitia Kiswahili

Wengi wanaohitaji Kifaransa hapa Dar es Salaam wanakihitaji kwa kazi: karani wa wakala wa forodha anayeandikiana na mwenye mzigo aliyeko Lubumbashi au Bujumbura, mwenye duka la vitenge Kariakoo anayepokea wateja kutoka Komoro, au mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa DELF, unaopima Kifaransa cha wageni, ili aongeze sifa kwenye maombi yake ya ajira. Karibu wote huanzia kwenye Kiingereza cha shuleni, kwa sababu vitabu na programu wanazozipata zimeandikwa kwa lugha hiyo, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko inavyostahili. Vitenzi vya kila siku vya Kiingereza ni vifupi na vimebebeshwa maana nyingi mno, ilhali Kifaransa, kama Kiswahili, aghalabu huipa kila maana kitenzi chake. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: sentensi ya Kiingereza isemwe kwanza kwa Kiswahili cha kawaida, kile ambacho mtu angekitamka nyumbani bila kufikiri, kisha Kiswahili hicho ndicho kitafsiriwe.

Kitenzi cha kuanzia ni “get”, kwa kuwa ndicho kinachosumbua kuliko vyote. Anayekitafuta katika kamusi hukuta orodha ndefu, akachukua “obtenir” na kulipachika kila mahali. Neno hilo lina mahali pake, nalo hufaa pale mtu anapopata kitu alichokiomba au kukihangaikia, kama viza au kibali. Barua iliyoletwa haikuhangaikiwa, imepokelewa, hivyo ni “recevoir”. Ikiwa kwa Kiswahili ungesema umenunua mkate, andika “acheter”. Ikiwa ungesema umefika nyumbani, andika “arriver”. Ikiwa ungesema umeelewa, andika “comprendre”. Faida kubwa zaidi inaonekana kwenye mabadiliko ya hali, ambako Kiingereza huunganisha “get” na kivumishi na mwanafunzi hukimbilia “devenir”, yaani kugeuka kuwa. Sisi tuna kukonda, kunenepa, kuzeeka na kupona, kila kimoja neno moja, na Kifaransa nacho kina “maigrir”, “grossir”, “vieillir” na “guérir”. Kuugua ni “tomber malade”, kukasirika ni “se fâcher”, na kupotea njia ni “se perdre”. Hivi viwili vya mwisho hubeba “se”, ambayo hailingani daima na “ji” yetu, kwa hiyo hapo hakuna budi kukariri.

Vitenzi vya mwendo vinastahili uangalifu wa pekee. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja cha kwenda au kuja, kisha kikakipachika kijineno cha kuonyesha upande: “go up”, “go down”, “come in”, “go out”. Kiswahili husema kupanda, kushuka, kuingia na kutoka, nacho Kifaransa husema “monter”, “descendre”, “entrer” na “sortir”, bila kijineno chochote. Ulinganifu huu hufika hata kwenye muundo wa sentensi. Chukua “he ran across the road”. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika “il a couru à travers la rue”, sentensi ambayo Mfaransa ataielewa lakini si ile ambayo angeitunga mwenyewe. Ukiisema kwanza kwa Kiswahili, utapata “alivuka barabara akikimbia”, na Kifaransa chake ni “il a traversé la rue en courant”: uvukaji unakaa kwenye kitenzi kikuu, na mbio zinafuata nyuma, kama kwetu.

Vitenzi vinne nilivyovitaja vina jambo jingine ambalo walimu hulieleza kwa jedwali refu, ingawa Mswahili anaweza kulifikia kwa njia fupi zaidi. Pale tunaposema kupanda, kushuka na kutoka, wakati uliopita wa Kifaransa huundwa kwa “être”, yaani kuwa. Pale tunaposema kupandisha, kushusha na kutoa, huundwa kwa “avoir”, yaani kuwa na. Nimetoka ni “je suis sorti”, nimetoa karatasi ni “j'ai sorti les papiers”. Nimeshuka ni “je suis descendu”, nimeshusha masanduku ni “j'ai descendu les valises”. Ngazi ndizo zinazoharibu kanuni, kwa sababu kupanda ngazi ni “j'ai monté l'escalier”, ingawa hakuna kilichopandishwa. Kuvuka, yaani “traverser”, hakumo katika kundi hili na hutumia “avoir” siku zote.

Kuhusu njaa, kiu na umri, hakuna haja ya maelezo marefu. Kiingereza husema mtu “ni” mwenye njaa na “ni” wa miaka ishirini. Sisi na Wafaransa tunavyo vitu hivyo: “j'ai faim”, “j'ai soif”, “j'ai sommeil”, “j'ai vingt ans”. Nina bahati ni “j'ai de la chance”. Kinachokiuka mpangilio huu ni haraka, kwani nina haraka ni “je suis pressé”.

Vivyo hivyo, vijineno vya Kiingereza vinavyofuata vitenzi kama “wait for”, “look for”, “listen to” na “ask for” huwapotosha wanafunzi wakatafuta “pour” au “à” pasipohitajika. Sisi tunasubiri basi, tunatafuta funguo, tunasikiliza redio na tunaomba risiti. Kifaransa nacho ni “attendre le bus”, “chercher les clés”, “écouter la radio”, “demander un reçu”. Tahadhari moja iwepo: kumpigia mtu simu na kumjibu mtu ni “téléphoner à” na “répondre à”.

Zipo sehemu ambazo Kiswahili hukupa jibu kabla hujafungua kamusi. “I can swim” kwa Kiswahili ni najua kuogelea, na Kifaransa chake ni “je sais nager”, si “je peux”, yaani naweza, kwa kuwa linalosemwa ni ujuzi. Nimetoka kula sasa hivi, ambayo Kiingereza huieleza kwa “have just”, ni “je viens de manger”, na ni “viens de” ile ile ya “je viens de Tanga”, natoka Tanga.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka, na anayeitegemea kupita kiasi ataumbuka. Kurudi ni mfano mzuri. Kiswahili kinatosheka na neno hilo moja, lakini Kifaransa kinauliza msemaji yuko wapi: kurudi hapa alipo ni “revenir”, kurudi kule alikowahi kwenda ni “retourner”, na kurudi nyumbani ni “rentrer”. Kujua nako hugawanyika: jambo au namna ya kulifanya ni “savoir”, ilhali mtu au mahali ni “connaître”, hata kama kwetu tunamjua mtu na tunajua kupika kwa kitenzi kile kile. Kutembelea Bagamoyo ni “visiter”, lakini kumtembelea shangazi ni “rendre visite à”. Kuleta kitu ni “apporter”, kumleta mtu ni “amener”. Kamusi husaidia hapa endapo msomaji atazingatia vifupisho viwili ambavyo wengi huviruka: “qn” humaanisha mtu fulani na “qch” kitu fulani. Ukiona “rendre visite à qn”, umekwisha kuambiwa kwamba Bagamoyo haihusiki.

“Miss” inahitaji subira. Ikiwa basi limekuacha, andika “j'ai raté le bus”. Ikiwa hukuhudhuria kikao, “j'ai manqué la réunion”. Ugumu uko kwenye kumkumbuka mtu aliye mbali, kwa sababu Kifaransa humfanya anayekumbukwa kuwa mtenda: “tu me manques”. Nimekukumbuka haikupi muundo huo, lakini umeadimika hukupa, kwa maana anayetajwa kwanza ni yule asiyeonekana. Anayeandika “je te manque” akidhani amesema amemkumbuka mwenzake, kwa hakika amemwambia kwamba yeye ndiye anayekumbukwa, nayo ni salamu ya majivuno.

Vitenzi vinavyofanana na vya Kiingereza kwa sura tu vichunguzwe kimoja kimoja. “Attendre” ni kusubiri, na kuhudhuria ni “assister à”. “Rester” ni kubaki, si kupumzika. “Passer un examen” ni kufanya mtihani, na aliyefaulu husema “réussir”.

Tuchukue sasa ujumbe wa aina inayoandikwa kila siku katika ofisi za Kurasini: “The truck left on Monday. The driver has just called from Tunduma. We are still waiting for your documents. Please send them back to us signed.” Kwa Kiswahili, gari limeondoka Jumatatu, dereva ametoka kupiga simu sasa hivi akiwa Tunduma, bado tunasubiri nyaraka zako, tafadhali uturudishie zikiwa zimesainiwa. Kuondoka bila kutaja mahali ni “partir”. Kama ingetajwa Dar es Salaam kuwa ndiko lilikoondoka, “quitter” ingefaa, na kama dereva angeacha kitu nyuma, ingekuwa “laisser”. Ujumbe utakuwa hivi: “Bonjour Monsieur, le camion est parti lundi. Le chauffeur vient d'appeler de Tunduma. Nous attendons toujours vos documents. Merci de nous les renvoyer signés.” Neno “toujours”, ambalo wengi hulijua kwa maana ya daima tu, hapa ni bado. “Bonjour” iliongezwa kwa sababu kuanza na shida kabla ya salamu ni utovu wa adabu kwao kama ulivyo kwetu, na “vos” imetumika kwa kuwa mteja huandikiwa kwa “vous” hata akiwa mmoja. Akiwa mwanamke, “Monsieur” ibadilishwe kuwa “Madame”.